Kuichambua namba ya tarakimu 13 kwa kalamu na daftari

Namba tutakayoishughulikia ni 1,463,705,909,820. Isome kwanza kwa sauti, kwa sababu namba ambayo msomaji hawezi kuitamka humtisha kabla hajaanza kazi: ni trilioni moja, bilioni mia nne sitini na tatu, milioni mia saba na tano, laki tisa elfu tisa, mia nane na ishirini. Sikuiokota tu. Niliiunda hapa Kigoma kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari ninaokaa nao jioni baada ya vipindi, na asili yake itajitokeza yenyewe katikati ya kazi bila mimi kuitaja mapema.

Lengo letu ni kuipata namba hii katika umbo la vigawo vyake tasa, yaani kuiandika kama zao la namba tasa peke yake. Namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29 na kuendelea bila mwisho. Umbo hilo likishapatikana, maswali mengine karibu yote kuhusu namba hujibiwa kwa mistari michache, na kabla halijapatikana maswali hayohayo hayafikiki.

Andaa daftari la hesabu lenye miraba, kalamu, na orodha ya namba tasa zilizo chini ya 30 uliyoiandika kwa mkono wako. Kikokotoo kidogo cha dukani chenye nafasi ya tarakimu 8 au 12 hakiwezi hata kuionyesha namba yetu nzima, kwa hiyo kiweke pembeni hadi namba itakapokuwa imepungua.

Kabla ya hatua ya kwanza, shika kanuni moja ambayo kazi yote inaiegemea: kila kigawo tasa unachokiona, gawanya nacho papo hapo, kisha endelea na namba ndogo iliyobaki, usirudi tena kwenye ile ya mwanzo. Sababu yake ni hii. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, kwa kuwa vigawo viwili vikizidi vyote kipeuo hicho, zao lao litaizidi namba yenyewe. Kwa hiyo kipeuo cha pili ndicho mpaka wa utafutaji wetu. Kwa namba yetu mpaka huo uko kati ya 1,209,000 na 1,210,000, na hakuna mtu atakayejaribu namba tasa zote hadi huko kwa kalamu. Lakini namba ikipungua, mpaka nao unashuka, na tutaandika pembeni mwa daftari jinsi unavyoshuka kila mara.

Hatua ya 1: Soma mkia wa namba

Tarakimu ya mwisho ni 0, kwa hiyo namba inagawanyika kwa 2 na kwa 5. Tazama sasa tarakimu mbili za mwisho, 20. Kwa kuwa 100 hugawanyika kwa 4 na pia kwa 25, kila kilicho upande wa kushoto wa tarakimu hizo mbili hakina athari yoyote kwa vipimo hivi, na swali linabaki kuhusu 20 peke yake. Ishirini inagawanyika kwa 4, haigawanyiki kwa 25. Halafu tazama tarakimu tatu za mwisho, 820. Elfu moja inagawanyika kwa 8, ila 820 ukiigawanya kwa 8 inabaki 4, kwa hiyo namba nzima haigawanyiki kwa 8.

Tumepata jibu kamili kuhusu 2 na 5: kigawo 2 kimo mara mbili tu, na kigawo 5 kimo mara moja tu. Gawanya kwa 10, upate 146,370,590,982, kisha gawanya kwa 2, upate 73,185,295,491. Namba imekuwa witiri na haiishii kwa 5, kwa hiyo 2 na 5 tumeagana nazo.

Hatua ya 2: Jumlisha tarakimu, na jihadhari na 27

Jumla ya tarakimu za namba ya mwanzo ni 1 + 4 + 6 + 3 + 7 + 0 + 5 + 9 + 0 + 9 + 8 + 2 + 0, yaani 54. Kwa kuwa 10, 100, 1,000 na kila kipeo cha 10 huacha baki 1 zinapogawanywa kwa 9, namba yoyote huacha baki ileile ambayo jumla ya tarakimu zake huiacha, iwe unagawanya kwa 9 au kwa 3. Hamsini na nne inagawanyika kwa 9, basi na namba yetu inagawanyika kwa 9.

Hapa ndipo ninapoomba usimame. Hamsini na nne inagawanyika pia kwa 27, na katika madaftari niliyosahihisha nimeona mara nyingi sana mwanafunzi akiandika kwa kujiamini kwamba namba nzima, kwa sababu hiyo, inagawanyika kwa 27. Si kweli, na kosa hili halitokani na uvivu bali na kukariri kanuni bila kujua inatoka wapi. Kanuni ya kujumlisha tarakimu ina nguvu kwa 3 na 9 kwa sababu moja tu, kwamba 10 ikigawanywa kwa 9 huacha 1. Ukigawanya 10 kwa 27 baki ni 10 yenyewe, kwa hiyo msingi wote wa kanuni umeondoka. Anayetaka kupima 27 ajumlishe makundi ya tarakimu tatu tatu, kwa sababu 999 ni 27 × 37, na kwa hiyo 1,000 huacha 1 kwa 27. Makundi ya namba yetu ni 1, 463, 705, 909 na 820, na jumla yake ni 2,898. Toa 27 × 107, yaani 2,889, inabaki 9. Haigawanyiki. Jumla hiyohiyo inakupa kipimo cha 37 bila kazi ya ziada: 37 × 78 ni 2,886, inabaki 12, kwa hiyo 37 nayo haimo.

Gawanya 73,185,295,491 kwa 9, upate 8,131,699,499. Mpaka wetu sasa umeshuka kutoka zaidi ya 1,209,000 hadi takriban 90,000.

Hatua ya 3: Vipimo vitatu kwa mkupuo mmoja

Zao la 7, 11 na 13 ni 1,001. Ni jambo dogo, lakini sijui kitu kingine katika hesabu za kalamu kinacholipa zaidi ya hiki. Kwa kuwa 1,000 ni 1,001 kasoro 1, kila unaposogea kundi moja la tarakimu tatu kuelekea kushoto, alama ya kujumlisha inageuka kuwa ya kutoa, na inayofuata inarudi kuwa ya kujumlisha. Chukua makundi ya 8,131,699,499 kuanzia kulia:

499 − 699 + 131 − 8 = −77

Baki ya namba nzima kwa 7, kwa 11 na kwa 13 inasomwa kutoka kwenye 77 hii. Alama ya kutoa haina madhara, kwa sababu tunauliza kama inagawanyika au haigawanyiki. Sabini na saba ni 7 × 11, kwa hiyo vyote viwili ni vigawo vya namba yetu, na 13 si kigawo. Mstari mmoja wa kujumlisha na kutoa umefanya kazi ya migawanyo mitatu mirefu.

Gawanya kwa 7, upate 1,161,671,357, kisha kwa 11, upate 105,606,487. Usiondoke hapo kabla ya kupima tena, kwa sababu kigawo kinaweza kuwamo zaidi ya mara moja, na anayesahau hili hupoteza namba nzima mwishoni. Makundi ni 487 − 606 + 105, yaani −14. Saba imo tena, 11 haimo. Gawanya kwa 7, upate 15,086,641. Pima mara ya tatu: 641 − 86 + 15 ni 570, na 570 huacha 3 kwa 7, huacha 9 kwa 11 na huacha 11 kwa 13. Sasa tumemaliza na zote tatu. Mpaka umeshuka hadi 3,884.

Hatua ya 4: Mgawanyo wa kawaida, kwa subira

Kuanzia 17 hakuna njia ya mkato inayostahili kukaririwa. Zipo, lakini zinachukua muda mrefu kukumbuka kuliko kugawanya. Kwa 17 baki ni 8. Kwa 19 baki ni 14. Kwa 23 baki ni 21. Kwa 29 mgawanyo unatoka safi na jibu ni 520,229. Jaribu 29 tena: 29 × 17,938 ni 520,202, inabaki 27, kwa hiyo haimo mara ya pili.

Mpaka sasa ni 721. Kati ya 29 na 721 zimo namba tasa 118, na mtu mwenye moyo mgumu anaweza kuzijaribu moja baada ya nyingine. Kwa bahati mbaya kwake, kigawo kinachotafutwa kimejificha karibu kabisa na mwisho wa orodha, na angegawanya mara 112 kabla ya kukikuta. Ndipo tunapobadilisha njia.

Hatua ya 5: Tofauti ya vipeo viwili

Njia hii ilielezwa na Mfaransa Pierre de Fermat katika karne ya 17, na inafaa hasa pale namba iliyobaki ni zao la namba mbili zinazokaribiana. Kila mwanafunzi wa sekondari anajua kwamba a² − b² ni sawa na (a − b)(a + b). Basi tukiweza kuiandika 520,229 kama kipeo cha pili kimoja ukitoa kingine, vigawo vyake vitajitokeza vyenyewe.

Anza na namba nzima ya kwanza iliyo juu ya kipeuo cha pili. Kipeuo ni 721 na ushee, kwa hiyo anza na 722. Kipeo cha pili cha 722 ni 521,284, ukitoa 520,229 inabaki 1,055. Je, 1,055 ni kipeo cha pili cha namba nzima? Huna haja ya kutafuta kipeuo chake. Kipeo cha pili chochote kinachoishia na 5 huishia na 25, na hii inaishia na 55. Iache.

Nenda kwenye 723. Usiizidishe upya, maana kutoka kipeo cha pili cha 722 hadi cha 723 ongezeko ni 722 + 723, yaani 1,445. Kwa hiyo tofauti mpya ni 1,055 + 1,445, nayo ni 2,500. Hiki ni kipeo cha pili cha 50. Basi:

520,229 = 723² − 50² = (723 − 50)(723 + 50) = 673 × 773

Majaribio mawili yamefanya kazi ya migawanyo 112. Hata hivyo sitaki msomaji aondoke akidhani njia hii hushinda daima. Vigawo vikiwa mbali sana kimoja na kingine, kwa mfano kimoja cha tarakimu mbili na kingine cha tarakimu tano, utaongeza 1 mara maelfu kabla ya kufika, na mgawanyo wa kawaida utakuwa umekushinda kwa mbali. Ndiyo maana nilitanguliza mgawanyo hadi 29: njia ya kwanza inaondoa vigawo vidogo, ya pili inavinasa vikubwa vinavyokaribiana.

Imebaki kuthibitisha kwamba 673 na 773 ni tasa. Mpaka wa 673 ni 25 na wa 773 ni 27, kwa hiyo kwa zote mbili inatosha kujaribu hadi 23. Hazigawanyiki kwa 2, 3 wala 5. Namba 673 huacha 1 kwa 7, 2 kwa 11, 10 kwa 13, 10 kwa 17, 8 kwa 19 na 6 kwa 23. Namba 773 huacha 3 kwa 7, 3 kwa 11, 6 kwa 13, 8 kwa 17, 13 kwa 19 na 14 kwa 23. Hakuna sifuri hata moja, basi zote mbili ni tasa, na kazi ya uchambuzi imekwisha:

1,463,705,909,820 = 2² × 3² × 5 × 7² × 11 × 29 × 673 × 773

Mkazi wa Kigoma aliyewahi kufundishwa jiografia ya Ziwa Tanganyika ataitambua mistari hii. Ziwa lina urefu wa takriban kilomita 673, na uso wake uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Kina chake kikubwa ni mita 1,470, nayo 1,470 ni 2 × 3 × 5 × 7². Ukiviondoa hivyo vyote, vinabaki 2, 3, 11 na 29, ambavyo zao lake ni 1914, mwaka ambao Reli ya Kati ilifika Kigoma. Nilizizidisha namba hizo nne, kisha nikaandika jibu ubaoni.

Lakini angalia vizuri kile uchambuzi ulichotwambia na kile ambacho haukutwambia. Vigawo tasa ni vilevile kwa kila mtu atakayefanya kazi hii, akianzia popote, iwe Ujiji, Kasulu au ng'ambo ya ziwa. Hilo ndilo jambo la msingi kabisa katika elimu ya namba, kwamba kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ina umbo moja tu la namba tasa. Lakini namba haitunzi kumbukumbu ya jinsi ilivyozidishwa. Zile 673 na 773 zilijitokeza nzima kwa sababu ni tasa, ilhali 1,470 na 1914 zilichanganyika zikawa kitu kimoja, na kama nisingekueleza usingejua kama zilikuwa 1,470 na 1914 au namba nyingine mbili zenye zao lilelile la 2,813,580.

Hatua ya 6: Hakiki kabla ya kutumia

Zidisha vigawo vyote upya, ukianzia upande mwingine na ule ulioufuata katika kugawanya. Mimi huanza na vikubwa: 673 × 773 ni 520,229, mara 29 ni 15,086,641, mara 11 ni 165,953,051, mara 49 ni 8,131,699,499, mara 180 ni 1,463,705,909,820. Katika kila hatua linganisha jumla za tarakimu. Kwa mfano, jumla ya tarakimu za 520,229 ni 20, ambayo huacha 2 kwa 9. Jumla ya 29 ni 11, nayo huacha 2. Zao la mabaki ni 4. Jumla ya tarakimu za 15,086,641 ni 31, nayo huacha 4. Zimekubaliana.

Kipimo hiki cha 9 hakigundui kosa la kubadilisha nafasi za tarakimu mbili, kama kuandika 15,068,641 mahali pa 15,086,641, kwa sababu jumla haibadiliki. Kosa hilo ni la kawaida sana kwa mtu aliyechoka. Kwa hiyo ongeza kipimo cha 11, ambapo tarakimu hujumlishwa na kutolewa kwa zamu kuanzia kulia. Kwa namba sahihi: 1 − 4 + 6 − 6 + 8 − 0 + 5 − 1 = 9. Kwa iliyokosewa: 1 − 4 + 6 − 8 + 6 − 0 + 5 − 1 = 5. Tofauti inaonekana mara moja.

Hatua ya 7: Vuna majibu

Idadi ya vigawo vyote. Ili kuunda kigawo chochote cha namba yetu, chagua 2 iingie mara ngapi (0, 1 au 2), chagua 3 iingie mara ngapi, na vivyo hivyo kwa kila namba tasa. Kwa 2, 3 na 7 una chaguo tatu kila moja, na kwa 5, 11, 29, 673 na 773 una chaguo mbili kila moja. Idadi ya vigawo ni 3 × 3 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 864. Wanafunzi wangu huelewa jambo hili haraka tunapolianza na 1,470 peke yake: muuzaji mwenye migebuka 1,470 anayetaka kuipanga katika mafungu yaliyo sawa, bila samaki kubaki, ana njia 2 × 2 × 2 × 3, yaani 24, kuanzia fungu moja kubwa hadi mafungu 1,470 ya samaki mmoja mmoja.

Kati ya vigawo 864, vile vya witiri ni 288, maana chaguo tatu za 2 zinapungua kuwa moja. Vigawo ambavyo ni vipeo vya pili kamili ni 8 tu: 1, 4, 9, 36, 49, 196, 441 na 1,764. Namba yenyewe si kipeo cha pili kamili, na ukitaka iwe, izidishe kwa vile vilivyo peke yake, 5 × 11 × 29 × 673 × 773, yaani 829,765,255. Hakuna namba ndogo zaidi ya hiyo itakayotosha.

Jumla ya vigawo vyote. Kwa kila namba tasa jumlisha vipeo vyake kuanzia 1, kisha zidisha majibu. Kwa 2² ni 1 + 2 + 4, yaani 7. Kwa 3² ni 13, kwa 5 ni 6, kwa 7² ni 57, kwa 11 ni 12, kwa 29 ni 30, kwa 673 ni 674 na kwa 773 ni 774. Zao la hizi zote ni 5,844,816,169,920. Ukiondoa namba yenyewe, vigawo vingine 863 vina jumla ya 4,381,110,260,100, ambayo ni pungufu kidogo tu ya mara tatu ya namba tuliyoanza nayo. Namba nyingi hazina ukarimu wa aina hii, na yetu inao kwa sababu imebeba 2, 3, 5, 7 na 11 kwa pamoja.

Namba zisizoshirikiana nayo. Kuanzia 1 hadi 1,463,705,909,820, ni namba ngapi ambazo hazina kigawo chochote cha pamoja nayo isipokuwa 1? Leonhard Euler wa Uswisi ndiye aliyeonyesha jinsi ya kuhesabu. Ondoa zinazogawanyika kwa 2, inabaki nusu. Katika hizo ondoa zinazogawanyika kwa 3, inabaki theluthi mbili yake, kisha nne ya tano, sita ya saba, na kuendelea hadi 772 ya 773. Jibu ni 2 × 6 × 4 × 42 × 10 × 28 × 672 × 772, yaani 292,843,192,320, karibu kabisa na moja ya tano ya namba nzima.

Hatua ya 8: Ukipewa namba mbili, usizichambue

Hatua hii huwashangaza wengi, nami naipenda kuliko zote. Tuseme umepewa 1,296,871 pamoja na ile 520,229, ukaombwa kigawo kikubwa cha shirika (KKS), yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawanya zote mbili bila baki, na hujui vigawo tasa vya yoyote kati yao. Shuleni tulizoea kuchambua kwanza. Njia ya Euklidi, iliyoandikwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, haihitaji uchambuzi wowote. Gawanya kubwa kwa ndogo, chukua baki, kisha gawanya ile ndogo kwa baki, na endelea hadi baki iwe sifuri:

1,296,871 = 2 × 520,229 + 256,413
520,229 = 2 × 256,413 + 7,403
256,413 = 34 × 7,403 + 4,711
7,403 = 1 × 4,711 + 2,692
4,711 = 1 × 2,692 + 2,019
2,692 = 1 × 2,019 + 673
2,019 = 3 × 673

Baki ya mwisho isiyo sifuri ni 673, nayo ndiyo KKS. Migawanyo saba imetoa kigawo ambacho kwa mgawanyo wa kawaida kingetaka zaidi ya mia, na papo hapo umezichambua namba zote mbili: 1,296,871 ÷ 673 ni 1927, mwaka ambao meli iliyoundwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913 na kuzamishwa mwaka 1916 ilirudi kazini ziwani kwa jina la Liemba. Na 1927 ni 44² − 3², yaani 41 × 47.

Tofauti hii kati ya kutafuta kigawo cha shirika, ambayo ni kazi nyepesi hata kwa namba zenye mamia ya tarakimu, na kuchambua namba moja iliyo peke yake, ambayo ni kazi nzito mno, ndiyo inayotumika katika mfumo wa siri uliobuniwa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977. Mfumo huo huzidisha namba tasa mbili kubwa sana na kuliweka zao lake hadharani, ukitegemea kwamba hakuna atakayelivunja. Namba ya tarakimu 129 waliyoitoa kama changamoto mwaka huo ilivunjwa mwaka 1994, na nyingine ya tarakimu 250 ilivunjwa mwaka 2020 kwa nguvu ya kompyuta nyingi zilizofanya kazi pamoja. Ndiyo maana wanaotengeneza funguo za mfumo huo hujihadhari wasichague namba tasa mbili zinazokaribiana mno, kwa sababu ingewafaa watu wenye njia ya hatua ya 5.

Zoezi la kufanya mwenyewe

Fermat mwenyewe aliichambua 2,027,651,281 kwa njia ya tofauti ya vipeo viwili. Ifanye nawe. Kipeuo chake cha pili ni 45,029 na ushee, kwa hiyo anza na 45,030, ambapo tofauti ya kwanza ni 49,619. Hiyo si kipeo cha pili, maana kipeo cha pili kinachoishia na 9 lazima tarakimu yake ya makumi iwe shufwa, na hapa ni 1. Ongeza 90,061 upate tofauti inayofuata, kisha 90,063, kisha 90,065, na kila mara tazama mkia kabla ya kutafuta kipeuo: ukiishia na 2, 3, 7 au 8, au ukiishia na sifuri moja peke yake, pita bila kusimama. Utafika katika jaribio la 12.